Mjadala: Ukihisi nyumba ina mauzauza, wa kwanza kumwita ni nani?

Mwanzisha mada

Wadau, naleta jambo nililolikalia kimya miaka mitatu kwa aibu.

Tulipanga chumba na sebule Mbagala, nyumba ya uani, wapangaji watano na bomba moja. Kodi ilikuwa nafuu kuliko nyumba za jirani. Dalali alitaka miezi sita kwa mkupuo, tukalipa. Wiki ya pili mauzauza yakaanza. Usiku bati linapiga paa! kama mtu kadondosha jiwe. Taa ya sebuleni tukiizima inabaki na mwanga hafifu, rangi ya maziwa. Mke wangu akawa anakabwa usingizini: macho yanaona, mwili haunyanyuki, na pembeni ya kitanda kasimama mtu. Saa nane usiku nyayo zinapita uani, taratibu, kandambili zikiburuzwa. Na ndoo tulizoziacha tupu nje jioni, alfajiri tunazikuta zimejaa maji. Mimi nilidhani kajaza mke wangu, yeye alidhani nimejaza mimi. Siku tulipoulizana, hatukulala.

Shemeji akatuletea mganga. Alichukua laki tatu na nusu, akafukiza, akachimba kizingitini akatoa kitambaa cheusi kimechomwa sindano. Akasema anayetuchezea yumo humohumo uani, mwanamke, mtu mzima, anaishi peke yake. Maji ya ndoo ndiyo anayotufungia, tuyamwage. Jina hakulitaja na wala hakuwa na haja ya kulitaja, maana uani kulikuwa na bibi mmoja tu.

Hatukumgusa. Lakini tuliacha kuitikia hodi yake, tukamkataza mtoto kukanyaga kwake, na maneno yakatembea mtaani. Haikupita miezi miwili bibi akafunga virago akaenda kwa mwanawe.

Hoja yangu ni hii. Mtu akihisi nyumba yake ina kitu, amwite amtakaye: shekhe, padri, mchungaji, fundi, daktari. Sina ugomvi na imani ya mtu. Ila yeyote atakayemtaja binadamu mwenzako, hata kwa mafumbo, mtoe nje saa hiyohiyo. Tumeona vikongwe wakikatwa mapanga Shinyanga, Mwanza na Geita kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka hamsini. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na polisi wakakamata waganga zaidi ya mia mbili. Tunazungumza kana kwamba ramli chonganishi ni mambo ya vijijini huko, ya watu wasiosoma. Mimi nina shahada, na nililipa kwa simu.

Karibuni. Kama yangewakuta ninyi, mngeanza na nani?

Fundi umeme, Temeke

Mkuu pole. Hiyo taa naweza kuisema bila kuiona. Taa za LED zinakula umeme kidogo sana. Aliyefunga swichi akikata nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya waya wa moto (unaoleta umeme), ukizima taa umeme bado umesimama kwenye holda, na kile kinachopenya kidogo kinatosha kuifanya imeremete usiku kucha. Globu za zamani zisingekuonyesha kitu. Pima kwa tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, huku swichi imezimwa. Ikiwaka kwenye holda, ita fundi kesho yake, maana siku utakayobadilisha taa ukiamini umezima, utashika waya wa moto.

Nilishaitwa nyumba waliyokuwa wanasoma dua wiki nzima kwa ajili ya "jini la bafuni" linalochoma watu wakifungua maji. Hita ilikuwa inavuja umeme na waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haukufungwa popote. Jini lile lingeua mtu.

Bati nalo lina kawaida yake. Jua la Dar linalitanua mchana, usiku likipoa linajikunja na misumari inalia. Na darini mwenu mjue wanaishi wengi: popo, panya buku, fungo. Ukiwa karibu na miti mikubwa kuna komba, mnyama mdogo wa macho makubwa, analia kama mtoto mchanga aliyeachwa nje. Nimeona wanaume wazima wanasali kwa ajili ya komba.

Nyayo na ndoo sina jibu. Nisikudanganye.

Muuguzi, Makambako

Naomba niongezee kwenye orodha ya wa kuitwa: jiangalie mwenyewe unalala na nini chumbani.

Huku kwetu baridi ya Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Kabla haijaua inaleta kichwa kizito, kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na wengine wanasikia na kuona vitu. Alama yake kubwa ni kwamba mnaumwa wote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Familia inaweza kuhitimisha kuwa nyumba imeingiliwa, na kwa kweli imeingiliwa, na gesi. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika katika jarida la kitabibu habari za familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Walisikia hatua za miguu, wakaona watu wasiokuwepo, watoto wakapauka, hata maua ya ndani yakafa. Tanuru la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu na moshi wake ukawa unamwagika vyumbani badala ya kupanda dohani. Lilipotengenezwa, wageni wale wa usiku hawakurudi.

Kaka mwanzisha mada, kwa mkeo: hilo ni jinamizi, na linaelezeka. Tunapoota, ubongo unaufunga mwili ili tusitekeleze ndoto kwa miguu na mikono. Kuna wakati akili inaamka mwili ukiwa bado umefungwa, na ndoto inaendelea kuchezwa mbele ya macho yaliyo wazi. Mtu kasimama, mtu kakalia kifua. Inawapata zaidi wenye usingizi wa kudokoadokoa, wenye hofu, wa zamu za usiku, na wanaolala chali. Sasa fikiria mwanamke aliyeambiwa nyumba ina mchawi atalalaje. Kila usiku wa woga unaleta jinamizi lingine.

Mchangiaji, Dodoma

Mwaka huu bado tunajadili majini? Nyumba ni saruji na bati. Acheni kuwalea watu ujinga, waambieni ukweli waende kazini.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Dodoma, saa nane ile ungeniambia hivyo ningekukatia simu na kumpigia mganga. Aliyenisikiliza ndiye aliyenipata. Mtu mwenye hofu humfuata anayemsikiliza kwanza, na mganga husikiliza vizuri sana, anakuuliza mpaka jina la mama yako. Kama wenye elimu mnatudharau, mnatuachia yeye peke yake.

Mkaazi wa Wete, Pemba

Assalaam aleikum. Bwana fundi na bibi muuguzi wamesema ya haki, lakini mimi siafiki kwamba fundi awe wa mwanzo. Majini yapo. Yametajwa ndani ya Qur'ani, sura nzima ya 72 ni yao. Nyumba inayosomwa Suratul Baqara shetani huikimbia, hiyo ni hadithi sahihi. Mtu akipata khofu usiku, atie udhu, asome Ayatul Kursiyyu, alale. Haigharimu hata senti. Asubuhi ndiyo akamtafute huyo fundi. Moyo ukishatulia hata tesita ataisoma vizuri.

Ila juu ya kutaja watu niko na wewe. Mwaka 1995 nilikuwa kijana. Likatufika lile jambo la Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwa huwavamia watu usiku wakiwa wamelala. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi tangu Mapinduzi, kila mtu ana dhana na jirani yake. Tulikuwa tukilala nje, makundi kwa makundi, tumewasha moto, wanaume kwa watoto. Huyo akisema amekuja kama kivuli, yule akisema amesikia harufu kali. Likavuka hadi Unguja, na huko watu wakamkamata mtu mgonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, wakasema ndiye. Wakampiga mpaka akafa. Nilipokuja kusoma maelezo ya jinamizi kama haya aliyoyatoa bibi muuguzi, nilimkumbuka mtu yule aliyeuawa. Alikuja kutafuta dawa.

Shekhe aliyekuwa akitusomea mtaani kwetu alikuwa akimaliza kisomo anakunywa chai, anatuombea, anakwenda zake. Ukimuuliza "ni nani basi?" anakasirika.

Mama wa watoto wawili, Tanga

Mimi nilihama. Nilikaa siku kumi na tisa. Mlango wa chumba cha nyuma nilikuwa naufunga kwa komeo na asubuhi uko wazi, na nilikuwa naishi na wanangu tu, mkubwa ana miaka mitatu hafikii komeo. Fundi alikuja akaukagua, akasema mlango mzima. Padri alibariki nyumba. Uliendelea kufunguka. Sikumlaumu jirani, sikuchimba kizingiti, nilipoteza kodi ya miezi minne nikaondoka. Sijui ulikuwa nini na sitaki mnieleze. Lakini tusimlazimishe mtu akae kwenye nyumba anayoiogopa eti mpaka aletewe jibu.

Mchangiaji, Kilifi

Dada wa Tanga amegusa pesa, na hapo ndipo wengi wanakwama. Mtu hahami kwa sababu kodi imeshaliwa, basi anatafuta wa kumlaumu. Je, mwenye nyumba anapaswa kumwambia mpangaji kwamba nyumba ina sifa hiyo? Kule New York kesi hiyo iliamuliwa mwaka 1991. Mama mmoja wa mji wa Nyack alikuwa amezisimulia gazetini roho za nyumba yake kwa miaka, halafu akamuuzia mgeni bila kumwambia. Mahakama ya rufaa ikasema, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kuwa kwa macho ya sheria nyumba ile ina mizimu, na mnunuzi akaruhusiwa kujitoa kwenye mkataba. Majaji hawakusema mizimu ipo. Walichosema ni kwamba aliyeitangazia dunia hawezi kumficha mnunuzi. Mimi naona hata kwetu mpangaji akitaka kuhama mwezi wa kwanza kwa hofu, arudishiwe kodi iliyobaki. Nyumba ipo, itapata mtu mwingine.

Kuhusu kutaja watu, huku kwetu wazee wenye mvi hawalali. Mtoto wa ndugu anaugua, usiku mtu anasikia kitu darini, kesho yake mzee anakatwa panga, na ukifuatilia unakuta kulikuwa na shamba. Kuna wazee waliokimbilia Kaya Godoma kule Ganze, wanaishi huko mbali na miji yao wenyewe. Sheria ya Kenya, Sura ya 67, tangu mwaka 1925 inasema kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa, isipokuwa umepeleka habari kwa polisi, chifu au ofisa wa serikali. Wanaoijua ni wachache. Mganga akisema "jirani yako", yeye ndiye wa kushtakiwa.

Fundi umeme, Temeke

Shekhe wa Wete, nimekubali, dua kwanza kwa sababu usiku hakuna fundi. Lakini kama mwili unapigwa shoti au kichwa kinauma nyumba nzima, tokeni nje kwanza, dua mtaisomea uani.

Muuguzi, Makambako

Sahihi. Fungueni madirisha, toeni jiko, tokeni. Hata kama ni usiku na mnaogopa kilicho nje.

Mchangiaji, Dodoma

Mwanzisha mada, nimesoma tena maneno yako na nakubali nilijibu vibaya. Nina swali. Bati limeelezwa, taa imeelezwa, jinamizi limeelezwa. Hizo nyayo na ndoo ziliishia wapi? Na huyo bibi?

Mwanzisha mada

Nilijua mtu ataliuliza.

Bibi alipoondoka nyayo zilikoma, na ndoo zikawa zinabaki tupu. Shemeji akasema mnaona. Nami nikaamini, nisifiche, niliamini karibu mwaka mzima.

Kisha ukaja mgao mkali wa maji. Wapangaji wote tukawa tunagombana na pampu na madumu, na mama wa chumba cha kona akasema mbele yetu: "Angekuwepo bibi tusingehangaika." Tukamuuliza kwa nini. Akatushangaa. Maji ya bomba lile yalikuwa yanatoka saa nane usiku kwa saa moja hivi, kisha yanakata. Bibi hakuwa na usingizi kwa sababu ya uzee. Alikuwa anaamka, anajaza ndoo zake mbili, kisha anajaza ndoo yoyote aliyoikuta uani. Alikuwa akifanya hivyo tangu kabla hatujahamia. Kila mtu alijua, sisi tulikuwa wageni tunaotoka alfajiri na kurudi usiku.

Tulikwenda kwa mwanawe, Kisarawe, mimi na mke wangu na mtoto. Tulibeba kanga doti mbili na kilo kumi za mchele. Bibi alikuwa amekaa barazani anachambua mboga. Nikampigia magoti nikamwambia yote, mganga, kitambaa, na maji tuliyokuwa tukiyamwaga kila asubuhi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamuuliza mke wangu, "Mlikuwa mnayamwaga yote?"

Mke wangu akasema yote, bibi.

Akasema, "Na mtoto alikuwa anaogeshwa na nini?"