Tupeane uzoefu: nguo chafu uliyoiacha ikalala, ilikugharimu nini?

Mleta mada
Wakuu, naanza mwenyewe. Marehemu baba aliniachia kanzu moja, ina darizi ya mkono shingoni. Ijumaa moja ya Aprili natoka nayo msikitini, mvua ikanikuta njiani, nikaloa chapachapa. Nilipofika nyumbani Tabata nikaivua na kuitupia kwenye tenga la nguo chafu, juu yake zikaja taulo na soksi za watoto. Maji yalikuwa ya mgao, nikajiambia nitafua Jumapili. Kabla ya Jumapili ukatokea msiba, nikasafiri. Siku ya tisa naitoa, mgongo mzima una vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa. Kawa. Nimefua mara nne, nguo inanukia sabuni, vidoa viko palepale. Nimeumia sana. Nani mwingine limemkuta? Na mwenye dawa ya kawa aseme.

Mama Pacha
Pole sana kaka. Mimi ni nepi za kitambaa. Nilikuwa naziloweka kwenye ndoo, nafunika, kesho, keshokutwa. Siku ya tatu ukifunua, harufu inachoma macho, maana mkojo ukikaa unageuka amonia. Nikaona nimwage jiki humohumo zing'ae. Jamani! Kifua kilibana, macho yakatiririka, jirani ndiye aliyenishika mkono akanitoa hadi uani. Kumbe jiki ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya ndoo, mtoto mgongoni. Sitasahau. Tangu siku hiyo nepi ya kojo naisuuza palepale na maji yake namwaga, jioni nafua zote, hata iwe saa nne usiku.

Zamu ya Usiku
Mimi ni nesi. Damu mbichi haina shida: maji baridi, sabuni ya mche, unasugua taratibu inaachia. Shida ni kuiacha ikauke. Nilirudi asubuhi nimechoka, sare nyeupe nikaitundika mlangoni nikalala. Jioni nikachemsha maji nikaimwagia, nikidhani ya moto ndiyo yatang'oa. Maji ya moto yanaigandisha damu kwenye uzi. Nilibaki na doa la kahawia kifuani, ukubwa wa sarafu, nikanunua sare nyingine. Siku hizi nikivua tu inaingia kwenye beseni, kabla hata ya chai.

Mtu wa Newala
Maji ya bibo yakishakauka kwenye shati, hilo limekuwa la shamba. Bibi alikuwa anatuvua mashati ya shule kabla hatujaingia mikoroshoni.

Binti Mkimya
Samahani, yangu ni tofauti kidogo. Mama alifariki Novemba. Kanga aliyojifunga siku ya mwisho akiwa nyumbani sijaifua mpaka leo. Iko kwenye mfuko wa nailoni kabatini, ina harufu ya udi na mafuta ya nazi. Dada zangu wananiambia niifue, siwezi.

Mzee wa Tanga
Mwanangu, hakuna wa kukulazimisha. Ila itoe kwenye nailoni. Kanga ina jasho na mafuta, ukiifungia pasipo hewa, na joto hili la pwani, itaingia kawa kama kanzu ya mwenzio, na harufu unayoitunza itageuka uvundo. Itandaze kivulini ikauke vizuri, kisha iviringishe ndani ya kitambaa kikavu cha pamba.

Mleta mada, kamulia ndimu na chumvi juu ya vidoa, anika kwenye jua kali, ikikauka rudia, halafu suuza. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, maana ndimu inaweza kuchujua uzi wa darizi. Na kama ulishatia jiki, isuuze mpaka harufu yake iishe kabisa kabla ya ndimu. Jiki na ndimu zikikutana nazo zinatoa hewa ya sumu. Kawa kongwe huwa haitoki yote, hilo nakwambia mapema. Siku nyingine ukikosa maji ya kufulia, iliyolowa usiiweke tengani, itundike kwanza ikauke. Itakungoja.

Mleta mada
Shukrani mzee. Jiki sikuwa nimetia. Nimerudia siku tatu, darizi sijaigusa. Mgongoni vimefifia, mtu akiwa mbali havioni. Viwili karibu na shingo vimegoma. Nitaivaa hivyohivyo Idi. Dada wa kanga, umeitoa kwenye nailoni?

Binti Mkimya
Nimeitoa leo asubuhi. Iko kwenye kamba ya chumbani, karibu na dirisha.