Bakteria wa tumbo na saratani ya utumbo mpana: je, kuna uhusiano?

Binti wa Ujiji: Shikamooni wakubwa zangu. Baba yangu, mvuvi mwenye umri wa miaka 61, amesumbuliwa na chembe ya moyo kwa muda mrefu, na mwezi uliopita alikutwa na bakteria waitwao Helicobacter pylori. Alipewa dawa za siku 14, lakini maumivu yalipotulia siku ya sita alizifunga zilizobaki kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati na kusema amepona. Sasa nasikia kwamba bakteria hawa wanahusishwa na saratani ya utumbo mpana, si ya tumbo peke yake. Je, ni kweli?

Mstaafu wa maabara, Mwanga: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Kuhusu saratani ya tumbo hakuna ubishi, kwani Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani, liliwaweka bakteria hawa katika kundi la visababishi tangu mwaka 1994. Kuhusu utumbo mpana, utafiti mkubwa ulitolewa Marekani mwaka 2024, ukihusu wanajeshi wa zamani zaidi ya 812,000 waliopimwa kati ya 1999 na 2018. Waliokuwa na maambukizi walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiokuwa nayo, na kati ya walioambukizwa, wasiotibiwa walikufa kwayo kwa asilimia 40 zaidi ya waliotibiwa. Usidhani kwamba watu 18 katika kila 100 wataugua. Hilo ni ongezeko juu ya hatari ndogo ambayo mtu anayo tayari. Tena huo ni uhusiano tu, kwa kuwa anayekosa dawa huenda anakosa na huduma nyingine.

Muuguzi, Kasulu: Dada, nakusihi usimpe zile za kwenye kitambaa amalizie, maana bakteria waliosalia wanaweza kuwa wamezizoea. Arudi kwa daktari apangiwe upya, kisha apimwe choo kikubwa wiki nne au zaidi baada ya kumaliza, akiwa ameacha omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa wiki mbili. Kipimo cha damu hakifai hapo, kwa sababu huweza kuonyesha maambukizi hata baada ya mtu kupona. Je, amewahi kuona damu chooni au kupungua uzito?

Binti wa Ujiji: Damu ameiona tangu masika, akadhani ni bawasiri.

Muuguzi, Kasulu: Basi mpeleke kesho asubuhi, na hilo la damu mlitaje la kwanza.