Mutoto anaandika 27 + 15 = 312, nimufundishe namna gani?

mama_himbi
Salama bandugu. Binti yangu iko na miaka 7, mwaka wa pili ya primeri hapa Goma. Kuhesabu anahesabu muzuri mpaka 100 lakini kujumlisha kwenye iko retenu (ile ya kubeba) inamushinda kabisa. Jana ameandika 27 + 15 = 312. Nilirudilia mara tano "unaweka 2 unabeba 1", analia tu. Mu klasi yabo batoto ni bengi, mwalimu hawezi fikia kila mumoja. Kwenu munafanyaka aje?

mwalimu_katindo
Mama usimukaripie, ile 312 inaonyesha kama anajua kitu: 2 na 1 ni 3, 7 na 5 ni 12, akaandika zote. Chenye hajaona ni kumi yenye iko ndani ya 12. Na "unabeba 1" inamuchanganya juu ile si moja, ni kumi!

Kata vijiti vya ufagio, afunge kumi kumi na lastiki. 27 ni mafungu 2 na vijiti 7, 15 ni fungu 1 na vijiti 5. Achanganye vile vyenye havijafungwa, akifikisha kumi afunge, yeye mwenyewe, mikono yako uiweke mbali. Ataona mafungu 4 na vijiti 2. Siku tatu hivyo bila kaye (daftari), kisha achore mistari kwa kumi na nukta kwa moja, namba zikuje nyuma kabisa. Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, naye alifundishaka na vijiti vya mbao vya rangi, kuanzia sentimita 1 mpaka 10.

Tena ahesabu kwa Kiswahili kwanza. "Onze" ya Kifaransa inaficha kumi, "kumi na moja" inaisema waziwazi.

papa_ndosho
Mimi nilianza na feza, noti kumi za franka 100 kwa moja ya 1000, mutoto hakuelewa juu karatasi moja haifanane na kumi. Mawe madogo ya volkano yalimusaidia zaidi (hayakosekane huku kwetu), kumi kumi mu kopo ya tomati. Feza ikuje kisha.

mama_himbi
Nawashukuru sana. Leo nimemupa 38 + 14, amefunga, akasema "mama, fungu ingine imezaliwa!" 52, bila kulia. Na kutoa je? Nikimupa 52 - 15?

mwalimu_katindo
Usimuambie kitu. Muombe vijiti 5, ataona ziko 2 tu inje. Ungoje afungue fungu.

mama_himbi
Amefungua! 37.