Baba analishwa kwa mpira wa tumboni, na sasa hataki kukaa nasi mezani

Swali, kutoka Kisumu
Hamjambo. Baba yangu ana saratani ya umio, na wiki sita zilizopita alitiwa mpira wa kulishia tumboni kwa sababu hata maji yalikuwa hayapiti. Tulifundishwa kumlisha siku ile ile aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, nami nikashika nusu tu ya niliyoambiwa. Mpira umekwisha kuziba mara mbili. Linaloniumiza zaidi ni kwamba kila ugali unapoandaliwa, yeye huinuka na kwenda kukaa chini ya mwembe mpaka tumalize, ilhali ndiye aliyekuwa akitugawia samaki wetu wa ngege tangu tukiwa wadogo. Mliopitia haya mlifanyaje?

Jibu, kutoka Nakuru
Pole sana, dada. Mume wangu ana mpira kama huo kwa mwaka wa pili sasa. Sukuma mililita 30 za maji safi ya uvuguvugu kabla ya chakula, na 30 nyingine baada ya chakula na baada ya dawa, isipokuwa daktari wake amewaagiza vingine. Kwetu kilichokuwa kikiziba si uji bali vidonge tulivyovichanganya na chakula. Kila dawa hutiwa peke yake, ikiwa imesagwa ikawa unga laini na kukorogwa kwa maji. Lakini muulize mfamasia kwanza, kwa maana vipo vidonge visivyofaa kusagwa kabisa, na dawa nyingine hupatikana zikiwa za maji. Ukiziba tena, tumia maji ya uvuguvugu na bomba kubwa la sindano, ukivuta na kusukuma polepole. Usiingize waya, wala usitumie bomba dogo kwa nguvu, kwani msukumo wake huweza kuupasua mpira.

Uji wa wimbi mtupu hujaza tumbo bila kumpa mtu nguvu ya kutosha. Mtaalamu wa lishe alituongezea maziwa, mayai yaliyoiva, parachichi na mafuta kidogo, vyote vikisagwa kwa blenda na kuchujwa mara mbili. Omena nilijaribu mara moja nikaacha, kwa sababu ya miiba. Mlishe akiwa ameketi wima, abaki hivyo karibu saa nzima, na uache chakula kishuke kwa uzito wake chenyewe. Nilipokuwa na haraka, mume wangu alitapika.

Jibu, muuguzi, Kakamega
Naongeza kwamba ngozi inayozunguka mpira ioshwe kila siku kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe vizuri. Mpira ukichomoka, msijaribu kuurudisha wenyewe. Funikeni tundu kwa kitambaa safi na mwende hospitalini mara moja, kwani tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Kinywa chake pia kisafishwe kila siku, hata kama hali kwa mdomo.

Jibu, kutoka Siaya
Binti yangu, mimi mwenyewe nina mpira huo. Nami niliwahi kuondoka mezani, si kwa ajili ya hamu ya chakula, bali kwa sababu watu walianza kula kwa kunong'ona kana kwamba wananiibia. Nilirudi pale mke wangu alipoanza kunilisha saa ile ile wanapokula wengine, nikiwa kwenye kiti changu. Zipo siku ambazo harufu ya samaki hunishinda, na siku hizo huachwa nitoke bila kuulizwa. Sababu ya baba yako huenda ikawa nyingine kabisa. Muulize mkiwa wawili tu.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Nilimuuliza jana jioni. Akaniambia kwamba harufu haimsumbui hata kidogo. Asichoweza ni kufunua tumbo mbele ya mke wa kaka yangu. Nasi hatukuwa tumelifikiria hilo hata mara moja! Leo Mama amemvisha shati la vifungo, akafungua kimoja tu na kuupitishia mpira hapo. Amelishwa saa moja usiku akiwa kwenye kiti chake, na samaki ameigawa yeye.