Mjadala: Seva ikilemewa, tuongeze RAM (kumbukumbu ya mashine) au tupunguze takataka?

Mleta mada: Wakuu, seva inayoendesha programu ya lugha ya Java au Go ikianza kukwama, lawama zote zinaangukia kikusanya taka, ile sehemu ya lugha inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena. Ushahidi unaoletwa kila siku ni Discord, wale wa programu ya kuchati, waliohamisha huduma yao moja kutoka Go kwenda Rust, lugha isiyo na kikusanya taka, na kueleza sababu mwaka 2020. Ila sababu yenyewe watu wanairuka. Kashe yao, yaani data iliyowekwa kwenye kumbukumbu ipatikane haraka, ilikuwa na mamilioni ya vitu vilivyo hai (bado vinatumika), na Go ililazimisha usafishaji angalau kila dakika 2, hata kama takataka ni kidogo. Kila mara ilibidi kashe nzima ipitiwe.

Wangapi humu wana kashe ya namna hiyo? Wengi tuna ripoti inayojengwa kwa kuunganisha maandishi kwa alama ya + ndani ya luupu. Kwenye Java, ukiongeza mstari wa 10,000, ile 9,999 ya mwanzo inanakiliwa upya na nakala ya zamani inatupwa. Hapo kikusanya taka kina kosa gani? Weka StringBuilder, zana ya Java inayoongeza maandishi bila kunakili yote upya kila mara. RAM inunuliwe mwisho, tena baada ya kupima.

Mdau wa kwanza: Mkuu, RAM usiidharau. Watafiti Hertz na Berger walilipima hili kwenye Java mwaka 2005. Programu ikipewa kumbukumbu mara 5 ya inayohitaji, kikusanya taka bora kinakwenda sawa na kuachia kumbukumbu kwa mkono. Ikipewa mara 2 tu, kasi inashuka kwa karibu asilimia 70. Sisi tunakodi seva ya GB 1, humo humo tunabananisha hifadhidata, halafu tunaitukana lugha!

Mleta mada: Hizo namba sizipingi. Lakini anayezalisha takataka ovyo, hata GB 16 atazijaza.

Mdau wa pili: Mnabishana kama vile hakuna mipangilio. Kwa kawaida Go huacha hipu (eneo la kumbukumbu ambamo programu huweka vitu vyake) ikue hadi karibu mara mbili ya vitu vilivyo hai ndipo isafishe: MB 200 zinafika 400. Kwenye kontena (boksi la kuendeshea programu lenye kikomo chake cha kumbukumbu) ya MB 512 hiyo ni hatari tupu. Tangu toleo la 1.19 la mwaka 2022 kuna GOMEMLIMIT, mpangilio wa kikomo cha kumbukumbu, inayokifanya kikusanya taka kiwahi kazini kikomo kikikaribia. Ila ukiiweka chini ya ukubwa wa vitu vilivyo hai, kitasafisha bila kupumzika na CPU itaungua bure.

Mleta mada, hiyo ripoti yako umeipima kwa profaila, zana inayoonyesha programu inatumia wapi muda na kumbukumbu? Weka grafu hapa tuone.