Tupeane uzoefu: gereji iliyogeuzwa chumba, mvua ikinyesha maji yanaingilia wapi?

Mwanzisha mada

Wakuu, gereji nyingi zinageuzwa chumba cha kulala au ofisi, halafu mvua ya kwanza tu zulia linalowa. Gereji ilijengwa kulaza gari, na gari halijali unyevu. Kuta mara nyingi ni za tofali moja, jamvi (zege la sakafu) limemwagwa bila nailoni chini, sakafu iko usawa mmoja na njia ya kuingilia gari au chini yake, na paa lina mteremko mdogo. Tuweke hapa namna ya kutafuta chanzo na kutibu. Tafadhali vipimo viwepo. "Paka lami itaisha" haitusaidii.

Pimamaji

Kwanza hakikisha ni maji ya mvua kweli. Kata kipande cha nailoni cha sm 50 kwa 50, kibandike ukutani au sakafuni, kingo zote nne uzizibe kwa utepe, ukiache siku 2. Matone yakiwa upande wa chumbani, huo ni mvuke wa pumzi, mapishi na nguo zinazoanikwa ndani. Hewa haizunguki, na hakuna ukarabati wa paa utakaouondoa. Matone yakiwa upande unaotazama ukuta, unyevu unatoka ukutani au sakafuni.

Mvua ikianza, zungushia doa kwa penseli na uandike saa pembeni yake. Baada ya nusu saa chora tena. Andika na upande upepo unakotoka. Hiyo michoro inasema mengi:

Doa linalotokea ndani ya dakika chache ni tundu la moja kwa moja: skrubu, maungio ya bati, ukingo wa paa. Linalochelewa saa kadhaa na kuzidi kukua hata mvua imekata ni maji yanayopenya tofali, au yaliyojaa ardhini nje. Linalokuja na upepo wa upande mmoja tu, shuku dirisha na ukuta wa upande huo. Lisilojali mvua wala jua, funga koki zote na utazame mita ya maji kama inazunguka.

Kisha jaribio la mpira wa maji. Zima umeme wa chumba hicho kwanza. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie nje, akianzia chini kabisa: mguu wa ukuta dakika 15, dirisha dakika 15, juu ya dirisha, kisha ukingo wa paa, mwisho paa lenyewe. Ukianzia juu, maji yatashuka na kulowesha kila kitu, na hutajua kosa liko wapi. Mashine ya presha usiitumie, itapenyeza maji hata mahali ambapo mvua haipiti.

Mzee wa Mabati

Nakazia kwenye paa. Tone linapoangukia sipo linapoingilia. Maji yakipita tundu la skrubu hushuka kwenye papi (mbao zinazoshikilia bati), yakafuata mbao ya kenchi kuelekea chini, na kudondoka pale yanapokutana na msumari au fundo la mbao, pengine mita 2 mbali. Fungua dari, mulika mbao kwa tochi ukielekea juu ya mteremko kutoka kwenye doa. Utaona mchirizi wa rangi ya chai kwenye mbao. Ufuate mpaka unapoishia. Juu ya hapo ndipo penye tundu.

Skrubu zitazame moja moja. Mpira wa chini ya kofia ukiwa umetokeza kidogo tu pembeni, ni sawa. Ukiwa umebanwa mpaka umefurika nje na kupasuka kama uyoga, fundi alikaza kupita kiasi. Ukiwa unazunguka kwa kidole, haujabana. Skrubu iliyopinda nayo hubana upande mmoja na kuacha mwingine wazi. Ng'oa, weka mpya iliyo nene zaidi ya ile ya zamani ili ishike kwenye tundu lililokwisha panuka. Kwa bati la mawimbi skrubu inapita mgongoni, si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita.

Maungio ya mwisho wa bati na bati: kwenye mteremko mkubwa sm 15 zinatosha, lakini paa la gereji huwa karibu lilale, kwa hiyo weka sm 30 na utepe wa butili (mpira unaonata) mistari miwili. Bila utepe maji hunyonywa yakapanda katikati ya mabati mawili yaliyogusana, na upepo ukisukuma yanafika upande wa pili.

Na gata. Mvua ya mm 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 3 kwa 6 likipata mm 50 linamwaga lita 900. Gata likiziba majani, maji hayo yanarudi nyuma juu ya ukuta na kuingia darini, na watu wanalaumu bati bure.

Kozi Moja

Mzee umesahau pale paa la gereji linapogusa ukuta wa nyumba kubwa. Wengi wanapaka silikoni kwenye kona, basi. Bati hupanuka juani na kusinyaa usiku. Silikoni inaachia ndani ya misimu michache. Dawa ni flashingi, yaani bati lililokunjwa la kufunika maungio: chana mfereji wa kina cha mm 25 kwenye ukuta, angalau sm 15 juu ya paa, ingiza ukingo wa flashingi humo, ibane, ndipo uzibe mfereji. Upande wa chini ifunike bati kwa sm 15 au zaidi. Silikoni hapo ni msaidizi tu.

Zege Gumu

Jamani, paa mmelimaliza, lakini kwenye gereji sehemu dhaifu kuliko zote ni pale mlango mkubwa ulipokuwa.

Mafundi wengi huziba uwazi ule kwa kujenga tofali juu ya jamvi lilelile. Jamvi linaanzia ndani, linapita chini ya ukuta mpya na kutokeza nje. Mvua inapiga ukuta, inashuka, inakutana na zege lenye mteremko wa kuelekea ndani, na kuingia kupitia mota ya kozi (mstari) ya kwanza ya tofali. Ndani utaona mstari mwembamba wa maji sakafuni, ulionyooka kabisa, urefu wote wa ule mlango wa zamani. Ukiuona mstari huo, acha kutazama paa.

Mwaga ndoo ya lita 10 nje, mita 2 kutoka ukutani. Yakikimbilia ukuta, una kazi mbili: kukata jamvi na kubadili mteremko.

Kata kwa grainda ya kisu cha almasi ukanda wa upana wa sm 15 nje ya ukuta, upitilize sm 30 kila upande wa uwazi wa zamani. Chimba mpaka sm 15 chini ya sakafu ya ndani. Kama ukuta umekaa juu ya jamvi tupu bila msingi, fungua mita 1, maliza, ndipo ufungue mita nyingine. Ukifungua yote kwa pamoja ukuta unaweza kushuka. Safisha uso wa zege uliokatwa na mguu wa ukuta, lowesha, paka uji wa saruji ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikata njia ya wa kwanza, mpaka sm 15 juu ya ardhi. Kisha laza mfereji wenye wavu juu, mteremko sm 1 kwa kila mita, wavu ukiwa mm 3 chini ya zege la pembeni. Ukiwa juu hata kidogo, maji yanauruka. Maji yake yaende kwenye shimo la kupoteza maji lililo mita 5 au zaidi kutoka kwenye jengo. Zege la nje limwage upya, likishuka sm 2 kwa mita kutoka ukutani.

Mgeni Mjengoni

Kwa hiyo ile rangi ya kuzuia maji ya kupaka ndani haifai?

Bi Lipu

Ndugu, ukipaka ndani maji yanabaki yamenaswa ukutani. Chumvi nyeupe hujikusanya nyuma ya rangi na kuibandua kama ganda la kitunguu. Yazuie nje.

Ukuta wa tofali moja unaofyonza: bandua lipu iliyopasuka, piga upya kwa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Mkono wa kwanza mm 10 hadi 12, wa pili mm 6 hadi 8. Wanaopenda saruji 1 kwa mchanga 3 wakidhani nguvu ndiyo kinga hupata nyufa nyembamba, maji huingia humo na kushindwa kutoka. Lipu iishie sm 15 juu ya ardhi. Dawa ya siloksani (inayofanya ukuta usifyonze maji) ipake kwenye ukuta mkavu usio na ufa. Ufa wa zaidi ya mm 0.3 haiuzibi.

Dirisha jipya nalo: kizingiti cha chini kitokeze sm 4 nje ya lipu, na upande wake wa chini kiwe na mfereji wa matone wa mm 10, angalau mm 25 kutoka ukutani. Pasipo mfereji, tone hutambaa chini ya kizingiti na kurudi ukutani. Pitisha kidole chini yake. Kikiwa laini kote, umepata mwizi.

Pimamaji

Nyongeza: mkishamaliza, rudieni mpira wa maji mahali palepale, dakika zilezile, kabla ya kurudisha dari. Zege lenye maji hukauka taratibu, takriban mm 1 kwa siku kwa mm 50 za kwanza, kisha polepole zaidi. Zulia lisubiri, na kile kipande cha nailoni kibandikwe tena kabla ya kulitandika.