Gitaa la Kevi

Kikundi: UKOO WA BIBI TANDIKA

*Jumanne*

Kevi, 19:42: Shikamooni wakubwa. Nina jambo. Bendi imenipa nafasi ya ridhimu moja kwa moja, ila lile gitaa la kuazima mwenyewe kalitaka. Nimejichanga nina laki sita. Nataka la mbao lenye pa kuchomeka waya, maana kazi nyingi ni harusi na sendofu, na wageni wakiwa wanaingia napiga mimi na mwimbaji tu. Leo nimepita Kariakoo nimeona mawili.

Kevi, 19:43: 📷 📷

Mama Mkubwa Mbagala, 19:47: Marahaba mwanangu. La pili zuri, linang'aa.

Mama Kevi, 19:48: Laki sita gitaa? Na kodi je?

Kevi, 19:48: Mama kodi nimelipa mpaka Desemba 🙏

Kevi, 19:51: La kwanza ndo lile kubwa, kifua kipana, bao la mbele ni mbao nzima ya sprusi, siyo plai. Nimelipiga dukani watu wamegeuka. La pili jembamba, sauti yake kama kopo la maziwa. Roho yangu iko kwa la kwanza.

Mjomba Temeke, 19:52: Usinunue la kwanza.

Kevi, 19:52: Kwa nini Mjomba?

Mjomba Temeke, 19:53: Ngoja nimalize kula.

Baba Mdogo Kigamboni, 19:55: 😂😂 Kaka bwana

Mjomba Temeke, 20:21: Haya. Unataka ukapigie wapi, sebuleni au kwenye bendi?

Kevi, 20:22: Kwenye bendi. Tuko sita: dramu, besi, kinanda, solo, mimi, na dada anayeimba.

Mjomba Temeke, 20:26: Basi hao waliogeuka dukani wasahau. Ukishachomeka waya watu wanasikia spika, hawasikii kifua cha gitaa. Na hicho kifua kilichokufurahisha ndicho kitakachokutesa. Kina hewa nyingi ndani, na bao lake limetengenezwa litikisike upesi. Sasa weka spika ya jukwaani miguuni pako. Sauti inatoka pale, inatikisa bao, bao linatikisa pikapu, yaani kile kinasa sauti cha gitaa, pikapu inarudisha sauti kwenye spika, inazunguka hivyo hivyo mpaka bibi harusi anaziba masikio. MMMMMMMM!

Salu Fundi Mitambo, 20:30: Shikamoo Mjomba. Umemaliza kila kitu. Mimi ndo nakaa kwenye mikisa, ile mashine ya kupanga sauti za vyombo. Nikiona mtu anapanda na gitaa la kifua kipana, najua leo sikai. Mngurumo wake unakuja chini, kwenye hezi 100 hivi au juu yake kidogo. Dawa ni kukata besi ya gitaa. Kwa hiyo ule unono alioulipia hela zake naukata wote.

Salu Fundi Mitambo, 20:32: Na hata lisipounguruma, huko chini tayari kuna gitaa la besi na mkono wa kushoto wa kinanda. Ridhimu la mbao linatakiwa likae juu, chwa-chwa-chwa, liende na matoazi ya dramu. Unono utamu wake ni ukiwa peke yako.

Kevi, 20:33: Kwa hiyo ninunue kopo?

Salu Fundi Mitambo, 20:33: Kopo bila waya. Ulilichomeka?

Kevi, 20:36: Hapana. Muuzaji alisema amplifaya yake mbovu.

Mjomba Temeke, 20:37: Gitaa la kuchomeka unalichagua bila kulichomeka! Hiyo ni kununua pikipiki kwa kusikiliza honi.

Mama Mkubwa Mbagala, 20:38: Samahani kuingilia. Mchango wa kitchen party mwisho Ijumaa. Waliotoa ni wanne tu. Sitaji majina.

Baba Mdogo Kigamboni, 20:40: Dada ntatuma kesho asubuhi. Kevi, kwani lazima ununue? Hapa nyumbani lipo lile langu la nyuzi za nailoni. Tulifunge pikapu kazi iishe.

Salu Fundi Mitambo, 20:44: Inawezekana Baba Mdogo, ila iwe ya piezo, ile inayokaa chini ya kijiti cheupe zinapolala nyuzi. Ile ya sumaku ya kwenye tundu inasikia nyuzi za chuma tu, nailoni haizioni kabisa.

Baba Mdogo Kigamboni, 20:45: Si tunaweka nyuzi za chuma?

Mjomba Temeke, 20:45: WEWE!! Usithubutu. Chuma kinavuta karibu mara mbili ya nailoni. Litang'oka daraja, pale nyuzi zinapofungwa kifuani, usiku, mtadhani mmeingiliwa na mwizi.

Kevi, 20:47: 😂😂 Salu, je ile mbao nzima na plai? Kila mtu anasema mbao nzima ndo gitaa.

Salu Fundi Mitambo, 20:51: Kwa studio sawa, ina sauti tamu. Kwenye jukwaa lenye makelele plai haina shida, haitikisiki ovyo. Na kwa unyevu wetu huu inavumilia zaidi.

Mjomba Temeke, 20:58: Muulize Mjomba wako. Nilikuwa na moja la mbao nzima, nikaliacha kwenye buti ya gari mchana mzima, Januari. Nafungua, daraja limebanduka na gundi imekuwa kama ute. Fundi akalibana wiki nzima halikurudi sawa. Pwani hapa hata nyuzi zinashika kutu ukizitazama tu. Uwe na kitambaa, futa kila ukimaliza.

Kevi, 21:02: Na nikipata Yamaha la mkono wa pili?

Salu Fundi Mitambo, 21:07: Angalia herufi. FG800 unene wa kifua chake milimita 100 mpaka 118, halichomekwi. APX600 ni milimita 80 mpaka 90, na lina pikapu yake. Hilo limeundwa kwa jukwaa. Pale shingo inapokutana na kifua wamelikata, mkono unafika juu. Sebene ni tabu kuipiga kwenye gitaa lisilokatwa.

Mjomba Temeke, 21:09: Sebene ni ya solo. Yeye ridhimu.

Salu Fundi Mitambo, 21:09: Mjomba, solo akiumwa?

Mjomba Temeke, 21:10: Haya, umeshinda.

Mjomba Temeke, 21:15: Sisi tulikuwa na ya umeme matupu. Enzi hizo ukienda ukumbi wa DDC Kariakoo kusikiliza bendi ya Sikinde, magitaa matatu yalikuwa yanaongea na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Siyo kwamba walikuwa na magitaa ya bei. Kila mmoja alijua chumba chake. Ndo nnachomwambia huyu.

Mama Kevi, 21:16: Kaka, mtoto kesho anaingia kazini saa moja.

*Alhamisi*

Salu Fundi Mitambo, 12:14: Kevi, Jumamosi nakuja na amplifaya yangu ndogo. Naandika maana voisi zangu hamzisikilizi. Tukifika, kwanza gonga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ileile. Kuna mmoja unanong'ona? Basi kile kijiti hakijakaa sawa juu ya pikapu. Halafu tikisa waya pale unapoingia. Ikikwaruza, acha. Tazama shingo kwa jicho moja kama fundi anayepima ubao. Mwisho tunaongeza sauti na kulielekeza gitaa kwenye spika. Litakalonguruma mapema linabaki dukani.

Mama Mkubwa Mbagala, 12:20: Mchango sasa wamefika saba. Mungu awabariki.

*Jumamosi*

Kevi, 14:05: Tuko dukani. Lile kubwa limenguruma hata sauti haijafika nusu 😭 Jembamba limetulia, na kwenye spika siyo kopo tena. Ila uzi wa kwanza unanong'ona.

Mjomba Temeke, 14:06: Mwambie atoe jingine la aina hiyohiyo. Usikubali "litajirekebisha."

Kevi, 14:31: Katoa jipya kwenye boksi. Nyuzi zote sawa. Alitaka laki tano na ishirini, Salu kabishana mpaka laki nne na themanini. Iliyobaki nimenunua waya mzuri, nyuzi za akiba na kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa lisingurume.

Baba Mdogo Kigamboni, 14:33: Na mchango?

Kevi, 14:33: Baba Mdogo nilitoa Jumatano 😎 Wewe je?

Mama Mkubwa Mbagala, 14:34: Hajatoa.

Mjomba Temeke, 23:48: Kevi, mmemaliza huko ukumbini?

Kevi, 23:52: Ndiyo Mjomba. Halijanguruma hata mara moja. Mama wa bibi harusi kaja kuomba namba.

Mjomba Temeke, 23:53: Namba ya gitaa au yako?

Kevi, 23:53: Ya bendi 😂

Mjomba Temeke, 23:54: Gitaa liko wapi sasa hivi?

Kevi, 23:54: Kwenye stendi, hapa pembeni yangu.

Mjomba Temeke, 23:55: Na waya?

Kevi, 23:55: Umechomekwa. Kwani?

Salu Fundi Mitambo, 23:56: Waya ukiwa ndani betri inaliwa, hata hupigi. Kesho mchana tuna sendofu Mbezi.

Mjomba Temeke, 23:56: Chomoa.

Kevi, 23:57: Nimechomoa.